Mababu wa Maneno

Shule yetu iko karibu na soko la mifugo la Garissa, na vumbi la ngamia huingia madarasani bila kubisha hodi. Mimi nafundisha Kiswahili. Abdihafid Keynan alikuwa wa Kiingereza, na watoto walewale waliokuwa wakisinzia kwenye ngeli zangu waliketi wima mara tu alipoingia yeye, jambo ambalo liliniudhi kwa muda mrefu. Kijana hata chuo hakuwa amekanyaga. Alikuwa mrefu, mwembamba, shati lake jeupe limepigwa pasi mpaka kola inang'aa, na sauti yake ilikuwa ya chini kiasi kwamba darasa zima lililazimika kunyamaza ili limsikie.

Silaha yake ilikuwa abtirsi. Kwa Wasomali wa huku, mtoto akishaweza kutamka vizuri hufundishwa kutaja mababu zake, baba, babu, baba wa babu, hivyo hivyo mpaka pumzi imwishie. Akikutana na mtu mzima njiani haulizwi anaitwa nani, anaulizwa yeye ni wa nani. Abdihafid aliichukua desturi hiyo akaipeleka ubaoni. Aliandika neno la Kiingereza, akasogea pembeni, akaliuliza kwa heshima zote: wewe ni wa nani? Darasa likamjibu kwa niaba ya neno. "Giraffe" ni mwana wa Mwitaliano, na Mwitaliano alimpata kwa Mwarabu, aliyemwita zarafa. Watoto wetu huwaona twiga wakivuka barabara nje ya mji, kwa hiyo iliwafurahisha mno kusikia kwamba Mzungu alilazimika kuazima hata jina. "Window" ni wa watu wa nchi za barafu, ambao kwao dirisha lilikuwa jicho la upepo. Na "sugar", neno alilolipenda kuliko yote, alilifuata kutoka kwa Mfaransa mpaka kwa Mwarabu, kwa Mwarabu mpaka kwa Mwajemi, mpaka India ya kale, ambako maana ya babu wa kwanza ilikuwa changarawe.

Siku ya sukari alinitoa chumba cha walimu akanisimamisha mbele ya darasa lake. Akawaeleza kwamba "sugar" yake na sukari yangu ni ndugu wa ukoo mmoja, babu yao ni Mwarabu yule yule, ila mmoja alipitia Ulaya na mwingine akapitia pwani yetu. Watoto wakapiga makofi. Nikamsamehe kidogo.

Elimu hiyo aliitoa kwenye kamusi nene isiyo na jalada aliyoachiwa na mwalimu wake wa sekondari. Wengine husoma magazeti wakinywa chai, yeye alisoma kamusi. Nilimwuliza siku moja anapata raha gani humo. Akanijibu kwamba maneno ya Kiingereza ni wahamiaji karibu yote, yametoka Roma, Uajemi, Arabuni, na hakuna hata moja lililowahi kuteremshwa garini likaambiwa lirudi lilikotoka. Alisema hivyo akitabasamu, lakini mimi nilijua anasema nini, na sikuweza kucheka.

Aliishi mtaa wa Bula Iftin na mama yake, Barwaqo, ambaye sote tulimwita eedo, yaani shangazi. Eedo Barwaqo aliuza maziwa ya ngamia sokoni. Alikuwa mama mfupi mwenye ulimi mkali na macho ya kucheka, na jioni, baada ya swala ya alasiri, aliosha madumu yake na kuyafukiza moshi uani huku mwanawe akiwafundisha watoto wa majirani juu ya mkeka. Kiingereza hakukijua, lakini mababu wa maneno aliwafuatilia kwa makini na kuwakosoa wasiompendeza. Siku moja aliuliza "milk" ni wa nani. Abdihafid akamwambia hilo ni la Waingereza wenyewe, la nyumbani, wamelirithi kwa wazee wao wa zamani wafugaji. Mama akamshukuru Mungu kwamba angalau wana kitu chao, maana alikuwa ameanza kuwahurumia.

Sasa niseme shida yenyewe. Abdihafid hakuwa na kitambulisho. Mtu wa Nakuru au wa Machakos akikosa kitambulisho ana usumbufu. Mtu wa Garissa akikosa, hana maisha. Aliitwa chuo kikuu, akashindwa kwenda. Laini ya simu yake ilikuwa kwa jina la mama. Daraja la mto Tana, ambalo mimi nalivuka kwenda kununua ndizi kwa wajomba zangu, yeye hakuthubutu kulivuka, kwa sababu ng'ambo kuna kizuizi na abiria wote hushuka wakaonyesha karatasi zao.

Mambo yalianzia kwenye ule ukame mkubwa, Abdihafid akiwa mtoto wa dugsi, yaani madrasa. Baba yake, Keynan, alikuwa ameshafariki. Ng'ombe wao walikuwa upande wa Bura, kule Fafi, wakaanguka mmoja baada ya mwingine mpaka hapakuwa na wa kukamua. Barwaqo alimshika mwanawe mkono akaenda Ifo, kwenye kambi ya wakimbizi, kwa sababu huko kulikuwa na unga na mafuta, na kwake, nchini mwake mwenyewe, hapakuwa na kitu. Wengi wa Fafi walifanya hivyo hivyo. Ifo alimkuta mama mmoja aliyeitwa Sharifo, mkimbizi wa kweli kutoka ng'ambo ya mpaka, aliyekuwa amempoteza mwanawe njiani. Kadi ya mgao ya Sharifo ilikuwa na nafasi ya mtoto. Abdihafid akaingizwa hapo.

Lakini wakati wa kuhesabiwa, mkalimani alikuwa Msomali, na Msomali hamwulizi mtoto jina tu. Barwaqo alilijua hilo. Basi akaketi na mwanawe nje ya hema la Sharifo akamfundisha abtirsi ya mume wa Sharifo, mababu wasio wake, mmoja mmoja, akimpiga kikofi kidogo cha goti kila alipoteleza akataja wa Keynan. Mama anayemfundisha mwanawe kumkana baba yake mzazi, tena marehemu, sijui kwa watu wengine linahesabiwa vipi. Kwa watu hawa ni kitu cha kufunika uso. Mtoto alikuwa na kichwa chepesi, akayashika majina yote. Alipofikishwa mbele ya meza aliyataja bila kukwama, vidole vyake vikachukuliwa alama, na jioni wakala.

Alipotimiza umri wa kitambulisho aliviweka vidole vile vile kwenye mashine ya serikali. Mashine ikasema huyu ni mkimbizi, mwana wa mtu mwingine, wa nchi nyingine.

Watu wa mbali huniuliza kwa nini hakusema ukweli tu. Aliusema, kwa kila aliyekubali kumsikiliza, na kila aliyemsikiliza alimwambia asubiri vetingi. Hicho ni kikao cha maafisa na wazee ambao humhoji mtu na kuamua kama ni wa hapa. Kwa aliye kwenye mashine ya wakimbizi, kikao kilitaka mzazi aje mwenyewe aape kwamba mtoto ni wake. Baba hakuwepo. Sharifo, ambaye angeweza kusema kijana si wangu, alikuwa ameshapelekwa Marekani na namba yake haikupatikana tena. Ulibaki mdomo mmoja tu duniani wa kumtoa Abdihafid kwenye ukoo wa watu, nao ni ule uliomwingiza.

Kikao kilitangazwa, kikaahirishwa. Kikatangazwa tena, mvua zikakata barabara, maafisa hawakufika. Katika kungoja huko Eedo Barwaqo akaanza kupungua. Mwanawe alipomsihi ale alimwambia amefunga, anafunga sunna ya Jumatatu na Alhamisi. Baadaye akawa anafunga na siku nyingine, akisema analipa zile za ujana. Wakati wa kufuturu alikunywa maziwa kidogo kidogo akasema ameshiba. Nani angemshuku mama mzee kwa kuzidisha ibada? Hata mimi nilimsifu mbele yake, nikamwambia atuombee sisi wavivu.

Ukweli aliujua Nasteho peke yake, muuza maziwa mwenzake aliyekaa naye kiti kwa kiti sokoni. Eedo alikuwa na uvimbe kooni. Chakula kilikuwa hakipiti. Daktari hapa mjini alimtazama akamwambia aende Nairobi upesi, asingoje. Yeye akamwapisha Nasteho asimwambie mtu. Hoja yake ilikuwa kwamba Nairobi hujui utarudi lini, na kikao kinaweza kuitwa kesho, na kisipomkuta yeye, mwanawe atabaki mwana wa Sharifo mpaka siku ya mwisho. Nasteho alimwambia kikao kingine kitakuja. Eedo akamjibu:

"Mimi ndiyo nafunga yeye huko. Sitaki kufa kabla sijamfungua."

Nasteho alinisimulia haya baadaye, akilia, na mimi nilimkasirikia sana kwa kunyamaza, ingawa sijui ningefanya nini mahali pake.

Hatimaye kikao kikakaa, kwenye ukumbi wa chifu, watu wamejaa mpaka nje. Nilikwenda kama shahidi wa shule. Abdihafid aliulizwa abtirsi yake, akaitaja, Keynan, Sugow, Salah, akiendelea mpaka wazee wakatikisa vichwa kwamba imetosha. Afisa mmoja, mgeni wa huku, akatazama kompyuta yake akasema kwamba kijana huyu alipokuwa Ifo alitaja mababu wengine kabisa, na aliwataja vizuri vile vile. Akataka kujua wa uongo ni hawa au wale. Mzee mmoja wa kikao, Kerrow, akainamisha uso, kwa sababu yeye alifahamu swali hilo linamgusa nani.

Eedo Barwaqo akasimama. Alikuwa amejifunga shuka mbili ili asionekane alivyokonda. Hakungoja mkalimani, alisema kwa Kiswahili chake, akimtazama yule afisa.

"Hao ya Ifo ni ya uongo. Mimi mama yake nafundisha yeye. Baba yake amelala kaburini Bura, mimi nachukua mtoto yake napatia watu wengine, sababu ya unga. Andika dhambi ni yangu. Mtoto ni ya Keynan."

Sauti ilikuwa imekwisha, ilitoka kama mtu anayenong'ona, na sote tulidhani ni uchungu wa maneno. Afisa hakumwuliza tena. Mzee Kerrow akasema kwa Kisomali kwamba mama ameshatoa kilichokuwa kizito kuliko kiapo, na wenzake wakakubali. Abdihafid akaambiwa alama zake zitaondolewa kwa wakimbizi, kitambulisho kitatengenezwa Nairobi, asubiri. Tulipotoka nje alimkumbatia mama yake mbele za watu, jambo ambalo vijana wa huku hawalifanyi, na ndipo mikono yake ikamwambia kilichokuwa ndani ya zile shuka. Niliuona uso wake ukibadilika. Sikujua kwa nini mpaka Eedo alipoketi chini kwenye mchanga na kushindwa kuinuka.

Safari ya Nairobi ilipangwa haraka. Sagal, binti wa dada yake Eedo, angefuatana naye kumhudumia, na Abdihafid akaapa kwamba naye ataenda, kitambulisho kiwepo kisiwepo. Alikuwa na karatasi ya kikao yenye mhuri. Niliwasindikiza mpaka kizuizini, ng'ambo ya daraja, nikiwa na pikipiki ya shemeji yangu. Abiria wakashuka, wagonjwa wakaachwa ndani. Askari aliisoma ile karatasi yote, nasema kweli, hakuwa mtu mbaya. Akaingiza jina kwenye mashine, na mashine bado ilikuwa inasema mkimbizi. Akasema mkimbizi asiye na kibali cha kusafiri hapiti, na yeye akimpitisha ataulizwa mbele. Abdihafid alimsihi kwa Kiswahili, kisha kwa Kiingereza, Kiingereza kizuri ambacho askari mwenyewe hakukifikia. Dereva akaanza kupiga honi.

Akaruhusiwa kupanda amuage mama yake. Mimi nilikuwa chini ya dirisha nikawasikia. Eedo alimwambia asigombane na askari. Kisha, kwa ile sauti iliyobaki, akamwuliza Wazungu wakiachana husema neno gani. Akamwambia ni "goodbye".

"Ni wa nani?" mama akauliza.

Abdihafid akamweleza kwamba neno hilo zamani lilikuwa dua nzima, Mungu awe nawe, watu wakaisema kwa haraka miaka mingi mpaka ikajikunja ikawa neno moja, na wengi wanaolisema leo hawajui kwamba wanaomba. Eedo akasema basi walilolisahau ndilo lililo bora. Akamwekea mkono kichwani akamwombea dua ile ndefu, kwa Kisomali, bila kukata hata neno, na dereva, ambaye alikuwa anatazama kwenye kioo, akaacha honi.

Kule Nairobi madaktari walimwambia Sagal wamechelewa. Kila jioni Abdihafid alizungumza na mama yake kwa simu, au yeye alizungumza, mama akasikiliza. Alikwenda ofisini kila alipopata nafasi kuuliza kama kadi imefika. Akaambiwa mtandao. Akaambiwa wiki ijayo. Mimi nilikuwa nikienda naye, na nilipandisha sauti humo ndani mara moja mpaka mlinzi akanishika bega. Yeye hakupandisha. Alishukuru, akatoka.

Eedo alifariki asubuhi ya Ijumaa. Kwetu Waislamu maiti haiwekwi, na gari la kumrudisha Garissa lingechukua siku nzima kupatikana, kwa hiyo jamaa wa mtaa wa Eastleigh wakamwosha, wakamswalia baada ya swala ya Ijumaa, wakampeleka makaburini. Mtu wa kushuka kaburini kumpokea mama ni mwanawe wa kiume. Sagal alituweka kwenye simu. Tulikuwa tumeketi uani, kwenye mkeka ule wa masomo, Abdihafid, mimi, Nasteho na majirani. Tukasikia sauti ya mwanamume asiyetujua akiuliza mwana wa marehemu yuko wapi ashuke. Wakamjibu kwamba hayupo. Abdihafid akasema "Nipo," akaisogeza simu mdomoni akasema tena, "Nipo, nipo hapa," lakini kule kulikuwa na watu wengi na hakuna aliyemsikia. Watu baki wakashuka. Halafu tukasikia udongo.

Nililia siku ile zaidi ya nilivyomlilia mama yangu mwenyewe, ambaye nilimzika kwa mikono yangu.

Alirudi darasani baada ya matanga. Aliacha mababu wa maneno kabisa. Akawa anafuata kitabu cha serikali, ukurasa kwa ukurasa, nyakati zilizopita na nyakati zijazo, na watoto wakaanza kusinzia kwake kama walivyosinzia kwangu. Hiyo ndiyo hali niliyoitamani zamani, na sikuipenda hata kidogo. Nilijaribu kumchokoza, nikamletea neno nililolisikia redioni, nikamwuliza ni la nani. Akaniambia kwa upole, akiniita ndugu kwa lugha yake, "Siku nyingine, walaal."

Kitambulisho kilitoka. Chifu mwenyewe alikileta shuleni, akidhani analeta furaha, na walimu wakajikaza wakampongeza. Abdihafid alikitazama kwa muda. Picha ilikuwa yake, jina lake na la baba yake na la babu yake yote yalikuwa sawa, na chini pameandikwa amezaliwa Fafi. Akakitia mfukoni akaniuliza kama Jumamosi nina kazi.

Jumamosi tulipanda basi la alfajiri. Hakubeba kitu ila msahafu na chupa ya maji. Tulipovuka daraja alifumba macho, sijui aliomba au aliogopa. Kizuizini tukashuka, tukapanga foleni na wengine, na alipofikiwa alitoa kadi yake kwa mkono wa kulia. Askari alikuwa mwingine, kijana, labda rika lake. Akaitazama kadi, akamtazama uso, akabonyeza mashine, na mashine haikuwa na neno. Akamwuliza, kwa mazoea tu ya kazi, anakwenda Nairobi kufanya nini.

"Naenda kwa mama," Abdihafid akasema.

Askari akatabasamu, akamrudishia kitambulisho. "Sawa basi. Msalimie sana."

"Zitafika," Abdihafid akasema, akapanda basi.